Utafiti wa Wanafunzi Mbele ya Hadhira: Suala la Ushahidi wa Sikio

Desturi ya kuwasimamisha wanafunzi wa shahada ya kwanza mbele ya hadhira ili waeleze walichokitafiti wenyewe si kongwe. Kwa muda mrefu utafiti ulihesabiwa kuwa kazi ya wahadhiri na ya wanafunzi wa shahada za juu. Wa shahada ya kwanza walikuwa watu wa kusikiliza, kuandika na kutahiniwa. Huko Marekani, Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kilianzisha mwaka 1969 mpango wa kuwashirikisha wanafunzi hao katika utafiti wa walimu wao, na mwaka 1987 Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Asheville kikawa mwenyeji wa kongamano la kwanza la kitaifa la utafiti wa wanafunzi wa ngazi hiyo. Katika Afrika Mashariki, wanafunzi wa Kiswahili wamekuwa na makongamano yao chini ya CHAWAKAMA, chama kinachowakutanisha watu wa vyuo vikuu vya nchi mbalimbali.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mwanafunzi hupeleka ikisiri, na ikikubaliwa hupewa dakika chache za kusoma makala yake, au hupewa nafasi ya kutundika bango lenye maelezo, majedwali na michoro, akasimama kando yake kuwajibu wapitao. Mtindo huu wa bango ulienea katika mikutano ya wanasayansi katika miaka ya 1970, na kwao unafaa. Aliyepima mavuno ya mbegu aweza kuyaweka matokeo yake katika jedwali moja, na mtazamaji akayapima kwa macho.

Mwanafunzi wa lugha hana bahati hiyo. Ichukuliwe mathalani kazi ya mwanafunzi anayechunguza kama vijana wa Mombasa wangali wanazitofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo nao. Katika Kimvita, kaa wa baharini hutamkwa kwa k yenye kusukumwa na pumzi, ilhali kaa la moto halina pumzi hiyo. Paa wa porini naye hutofautiana vivyo hivyo na paa la nyumba. Hati ya Kiswahili sanifu haizionyeshi tofauti hizi. (Mkutano wa 1928 ulioteua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika, ajabu ya mambo, Mombasa penyewe.) Basi mwanafunzi huyo huongeza alama yake juu ya herufi, akahesabu alama hizo, akatoa asilimia, akachora mchoro wa kupendeza. Akionacho mtazamaji si sauti. Ni imani ya mwanafunzi kuhusu sauti aliyodhani ameisikia. Na ikiwa amelelewa katika lugha isiyo na tofauti ya namna hiyo, sikio lake laweza kumdanganya tangu neno la kwanza, na hesabu zote zikawa sahihi juu ya msingi mbovu.

Hapo ndipo maswali ya ukumbini yanapokuwa na uzito kuliko mawasilisho. Wahadhiri, kwa mazoea, huuliza habari za nadharia na idadi ya wasailiwa. Swali lenye kuipima kazi ya namna hii ni jingine: Ni nani aliyesikiwa, akisema na nani, katika hali gani? Kijana anayesomeshwa orodha ya maneno mbele ya mgeni mwenye kinasa sauti huelekea kutamka kama alivyofunzwa shuleni. Kijana huyohuyo akionyeshwa picha ya kaa na ya kaa la moto, au akiachwa abishane na wenzake sokoni, aweza kutamka vingine kabisa.

Aidha, mtahini bora wa kazi hiyo kwa kawaida hayumo ukumbini. Mzee wa Mji wa Kale, asiyejua jedwali wala ikisiri, angeisikiliza kanda kwa dakika mbili akaeleza ni wapi mwanafunzi amesikia sivyo. Kongamano la idara ya lugha za Kiafrika linaloalika wahadhiri, wanafunzi na mgeni rasmi, likawasahau wasemaji wenyewe, limejinyima kipimo ambacho wanakemia wangekihusudu. Gharama yake ni ndogo: nauli, chakula cha mchana, na chombo cha kuchezea sauti kando ya bango. Muda nao wapatikana endapo hotuba za ufunguzi zitapunguzwa. Nyingi zastahili kupunguzwa.

Hatari ya kutofanya hivyo haimfiki mwanafunzi, kwani yeye hupewa cheti chake akaenda zake. Tasnifu yake hujalidiwa ikawekwa maktabani. Baada ya miaka kadhaa mtafiti mwingine huinukuu kwamba mpumuo umekwisha kutoweka kwa vijana wa Mombasa, wa tatu humnukuu huyo wa pili, na mtunzi wa vitabu vya shule huwategemea wote wawili. Kufikia hapo huenda mzee aliyeweza kusema kwamba vijana wale walikuwa wakiogopa kinasa sauti tu hayuko tena.