Kosa Lipigalo Kelele

Wasikilizaji, kila mwanafunzi wa Kiingereza hujua neno mistake, yaani kosa. Lakini Waingereza wanalo neno jingine la mazungumzo, nalo ni howler. Asili yake ni kulia kwa sauti ndefu, kama mbwa aliapo usiku. Basi howler ni kosa la kuchekesha, lililo wazi hata ni kana kwamba lenyewe lapiga kelele.

Twaeni mfano. Kati ya Kilosa na Mikumi pana mahali paitwapo Ulaya. Tuseme barua yatoka huko, yasema, "Leteni dawa Ulaya upesi," na mfasiri aandika Europe. Hiyo ni howler kamili. Asomaye atacheka, lakini wagonjwa wangali wangoja.

Neno hili hutumika hasa kwa makosa ya lugha na ya darasani. Sisi husema "kosa" hata kwa wizi. Lakini mwizi hakufanya howler. Tena ni neno la marafiki. Katika barua ya serikali andika mistake.

Jina la mahali kama hilo halifasiriwi, huachwa lilivyo. Mfasiri asiye na hakika na aulize kwanza. Kuuliza si ujinga.