Mambo Yale Yale Kila Siku: Dhana Moja katika Kirusi na katika Kiingereza

1. Chanzo cha swali

Katika zoezi la tafsiri tulilowapa wanafunzi wetu wa lisansi kulikuwa na mazungumzo mafupi ya Kirusi, ambayo tuliyatunga wenyewe. Karani wa mji mdogo amekaa dirishani tangu asubuhi. Hana kazi, hana mgeni, na barabara haina jambo jipya la kumwonyesha. Jana ilikuwa hivyo, na juzi pia. Rafiki yake amwuliza ana nini. Naye ajibu: Mne skuchno. Mwanafunzi mmoja alitafsiri: «Nimechoka». Mwingine akaandika: «Nina huzuni». Msomaji wa tafsiri ya kwanza atadhani kwamba karani amefanya kazi nyingi na anataka kulala. Msomaji wa tafsiri ya pili atauliza ni nani aliyefariki. Wanafunzi hao wawili walikuwa wametumia kamusi, tena kwa uangalifu. Kosa lao, basi, halikutokana na uvivu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wazo la mambo yanayojirudia hata yakamkinaisha mtu halikai katika neno moja, si katika Kirusi wala katika Kiingereza. Linakaa zaidi katika muundo wa sentensi, na hasa katika nafasi ambayo mtu anapewa humo. Maneno ya Kirusi tumeyaandika kwa herufi za Kilatini. Alama ya ' baada ya konsonanti yaonyesha kwamba konsonanti hiyo ni laini.

2. Majina: la sikio na la jicho

Msomaji aliyesomea shule kwa Kifaransa analijua neno monotonie. Kiingereza kina monotony, na Kirusi kina monotonnost'. Yote matatu yana asili ya Kigiriki: monos, yaani moja au peke yake, na tonos, yaani mvuto wa uzi na, kwa hiyo, sauti inayotoka katika uzi uliovutwa. Maana ya kwanza ni ya sikio: sauti isiyopanda wala kushuka. Kiingereza kimeipanua sana maana hiyo. Monotony husemwa juu ya kazi, chakula, safari, hata maisha mazima.

Kirusi kina pia jina la pili, lililojengwa kwa mizizi yake chenyewe: odnoobrazie. Odno ni moja. Obraz ni sura au umbo. Hapa anayetoa hukumu ni jicho: vitu vyote vina sura moja. Kwa uwanda usiobadilika au kwa siku zinazofanana, neno hili ndilo linalofaa zaidi. Monotonnost' hukaa vizuri zaidi penye sauti, hotuba au mngurumo wa mashine. Kwa hiyo, mwenye kutafsiri monotony kwa Kirusi hana budi kujiuliza kwanza: je, jambo hili lasikiwa au laonekana?

Tutenganishe pia sababu na matokeo. Odnoobrazie ni sifa ya vitu. Skuka, jina la jamii moja na skuchno, ni kile ambacho sifa hiyo humfanyia mtu. Kiingereza nacho hutenga monotony na boredom. Jina hili la pili si la kale sana. Lilienea katika karne ya 19, na Charles Dickens alilitumia katika riwaya yake Bleak House, iliyotolewa kati ya 1852 na 1853.

3. Nafasi ya mtu katika sentensi

Tuirudie sentensi ya karani. Mne maana yake ni «kwangu». Ni kiwakilishi kilichowekwa katika uhusika wa mpokeaji. Skuchno halina nafsi wala halina mtendaji. Sentensi nzima haina kiima. Ni muundo ule ule wa mne xolodno, ambao Mrusi huutumia anaposikia baridi. Hali imetoka nje ikamshukia mtu, kama vile baridi inavyomshukia. Yeye hakuitenda, aliipokea.

Mwingereza husema I am bored. Hapa mtu ndiye kiima. Lakini bored ni umbo la kutendwa la kitenzi bore. Maana yake ni kwamba kipo kitu, hata kisipotajwa, kilichomfanya awe hivyo. Kutokana na kitenzi hicho kuna maumbo mawili: bored kwa yule anayeathiriwa, boring kwa kile kinachoathiri. Mwanafunzi anayeyachanganya akasema I am boring hujitukana mwenyewe bila kujua, kwani amesema kwamba yeye ndiye anayewachosha wenzake.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kitenzi skuchat'. Kina maana mbili: kukosa cha kumchangamsha mtu, na kumtamani asiyekuwapo, kama vile nyumbani au mpendwa. Kiingereza huhitaji vitenzi viwili tofauti hapo. Msomaji wa Kirusi hutambua maana kwa maneno yanayofuata. Mfasiri asiyeyatazama atapotea.

4. Picha ya chakula

Mfano ulio bora zaidi umetoka mezani. Mrusi aliyeshiba jambo moja husema Mne eto prijelos'. Kitenzi hiki kimetokana na est', yaani kula. Kiima ni eto, yaani «hiki»: chakula, au jambo, ndicho kilichopoteza ladha, na mtu ni mpokeaji tena. Mwingereza husema I am fed up with it, na ndani yake mna kitenzi cha kulisha. Picha ni moja, lakini safari hii mtu amewekwa mbele: ni yeye aliyelishwa kupita kiasi.

Kiswahili kina picha hiyo hiyo katika kitenzi kukinai. Zaidi ya hayo, mnyambuliko wetu waruhusu njia zote mbili. «Nimekinai» yamweka mtu mbele, kama Kiingereza. «Kimenikinaisha» chamweka mtu nyuma, kama Kirusi. Mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kulalamika kwamba lugha yake ni maskini. Anachohitaji ni kuchagua.

5. Kitenzi kinachorudia

Lugha hizi huweza pia kueleza wazo letu bila kulitaja. Kirusi hutofautisha vitenzi vya tendo lililokamilika na vya tendo lisilokamilika. On vstal: aliamka, mara moja, basi. Kazhdyj den' on vstaval rano: kila siku alikuwa akiamka mapema. Umbo la vstaval peke yake halilaumu kitu. Laeleza marudio tu. Lakini mwandishi akiyapanga maumbo kama hayo kumi katika ukurasa mmoja, msomaji ataanza kuhema. Kiingereza hupata matokeo hayo kwa would, used to na keep on, au kwa usemi day in, day out. Kirusi husema izo dnja v den', «kutoka siku hata siku». Sisi tuna hu-, -ki- na urudufishaji: yale yale, pale pale, vile vile.

Mwishowe kuna taswira zilizotoka katika historia. Treadmill ya Kiingereza ilikuwa gurudumu la kukanyagwa na wafungwa, lililobuniwa na William Cubitt mwaka 1818 na kukomeshwa magerezani Uingereza kwa sheria ya 1898. Mengine hayakusaga chochote. Kirusi kina usemi tjanut' kanitel': kuvuta uzi mwembamba wa madini wa kutarizia, kazi ya taratibu isiyokwisha. Kina pia serye budni, «siku za kazi za kijivu», zilizo kinyume cha sikukuu.

6. Hitimisho

Kabla ya kufungua kamusi, mfasiri na aulize mambo matatu: ni sifa ya kitu au ni hali ya mtu? Mtu ni kiima au ni mpokeaji? Wazo limetajwa kwa jina au limejengwa kwa marudio ya vitenzi? Kwa karani wetu tungependekeza: «Hakuna la kunichangamsha». Mtu amebaki kuwa mpokeaji, kama katika Kirusi. Hakuna anayemwekea kitanda, wala hakuna anayempa pole ya msiba.