Unapobadilisha spika za gari kuukuu, usihadaiwe na wati

WENYE magari ya miaka mingi, kama vile Toyota Corolla na Nissan Sunny zilizoundwa miaka ya tisini, wanaufahamu vyema mlio huo: mtangazaji akitamka herufi 's' husikika kana kwamba kuna kitu kinakaangwa, na besi ikiingia mlango mzima hutetemeka.

Wengi huelekea barabara ya Luthuli au ya Kirinyaga jijini Nairobi kununua spika mpya, na aghalabu huchagua zile ambazo sanduku lake limeandikwa nambari kubwa kuliko zote. Nambari hiyo, wati 500 au hata 1,000, ndiyo inayowapotezea pesa.

Kabla ya kununua chochote, ni muhimu kuhakikisha kwamba spika ndizo mbovu. Magari yaliyotoka Japani huwa na redio zilizoundwa kwa masafa ya nchi hiyo, yanayoanzia megahezi 76 na ambayo kwa miaka mingi yalikomea 90, ilhali stesheni za Kenya hufika hadi 108. Ndiyo sababu magari mengi hufungwa kifaa cha kubadilisha masafa, na kifaa hicho kikiwa duni, hata spika za bei ghali zitakwaruza. Cheza muziki kutoka kwa kanda, sidii au simu. Ukiwa safi, kosa si la spika.

Iwapo bado unakwaruza, tumia kitufe cha redio kinachohamisha sauti kushoto, kulia, mbele na nyuma ili spika zisikike moja moja. Mara nyingi ni moja tu au mbili zilizoharibika. Ukingo wake, ambao katika spika nyingi za zamani ulitengenezwa kwa sponji, huwa umeoza na kubomoka kama mkate mkavu kutokana na joto na unyevu. Hali hii huwasumbua zaidi wakazi wa Pwani, pamoja na wale wanaoegesha magari yao juani mchana kutwa.

Sasa turejee kwenye wati. Injini inapowaka, umeme wa gari huwa takriban volti 14. Kwa umeme huo, redio isiyo na amplifaya ya kando haiwezi kuipa spika ya kawaida ya omu 4 zaidi ya wati 20 na ushei za sauti safi, hata kama usoni pake imeandikwa wati 50 mara nne. Hizo 50 hupatikana redio ikiwa imesukumwa hadi sauti ikaharibika. Redio asilia za magari ya zamani hutoa hata chini ya hapo.

Zile wati za kwenye sanduku la spika, nazo, hazielezi sauti itakayotoka. Hueleza umeme ambao spika inaweza kuustahimili kabla ya kuungua, tena mara nyingi kwa kipimo cha nukta moja tu ya kilele. Ni sawa na kununua tangi la lita elfu kumi ilhali mfereji wako unatoa ndoo moja kwa siku.

Nambari inayostahili kutafutwa huandikwa kwa herufi ndogo, na hupimwa kwa desibeli. Huonyesha jinsi spika inavyosikika kwa nguvu ikipewa wati moja na kusikilizwa kutoka umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza maradufu nguvu ya redio. Kwa hivyo spika ya desibeli 92 ikipewa wati 15 itasikika sawa na ya desibeli 86 iliyopewa wati 60. Mwenye redio asilia asinunue iliyo chini ya 90, na sanduku lisilotaja kipimo hicho kabisa ni heri liachwe pale pale dukani.

Jambo la pili ni omu. Redio nyingi zimeundwa kwa spika za omu 4. Fundi akiunganisha spika mbili za aina hiyo sambamba kwenye waya za spika moja, kama ifanyikavyo gari linapoongezewa spika za nyuma, upinzani hushuka hadi omu 2, redio hupata joto na hatimaye huzimika. Ukipima spika nzima ya omu 4 kwa mita ya fundi, itasoma 3 na pointi kadhaa. Hilo si kasoro.

Magari makongwe zaidi, yale ya miaka ya sabini na themanini, yana mtego wa aina yake. Katika baadhi yao waya hasi ya spika iliunganishwa na bodi ya gari, kwa kuwa redio za wakati huo ziliruhusu. Redio za kisasa haziruhusu kamwe. Waya hiyo ikigusa bodi, redio mpya yaweza kuungua siku hiyo hiyo. Magari hayo yapitishiwe waya mbili mpya hadi kwa kila spika, hata kama fundi atanung'unika.

Kuhusu ukubwa, milango ya mbele ya saluni nyingi za Japani hupokea spika za inchi 6 na nusu. Hata hivyo, spika asilia za Toyota huwa zimeumbwa pamoja na pete nene ya plastiki, na zikiondolewa tundu linalobaki huwa kubwa kuliko spika mpya. Fundi mzuri huchonga pete ya mbao. Apime kina kwanza, kioo kikiwa kimeteremshwa hadi chini, la sivyo kioo kitagonga sumaku. Aidha, karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya ubao wa mlango irudishwe. Ndiyo inayozuia maji ya mvua kuingia ndani ya gari. Spika zenye ukingo wa mpira na koni ya plastiki hustahimili unyevu wa mlangoni kuliko za sponji na karatasi tupu.

Iwapo pesa ni chache, badilisha za mbele pekee. Mapenzi ya Wakenya kwa zile spika za umbo la yai za inchi 6 kwa 9, zinazowekwa nyuma ya kiti cha nyuma, hayana msingi mkubwa, kwa kuwa dereva husikiliza kutoka mbele. Tena wapo wanaoziweka ndani ya masanduku ya mbao yasiyofungwa popote. Gari likigonga kitu kwa kasi, sanduku hilo huendelea na safari, na vichwa vya abiria ndivyo vilivyo mbele yake.

Spika zenye twita katikati zatosha. Zile ambazo twita yake hufungwa kando huhitaji kazi zaidi, na faida yake haionekani bila amplifaya.

Kabla ubao wa mlango haujarudishwa, hakikisha chanya imeunganishwa na chanya. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea, na wengi hurudi dukani kulalamika ilhali spika ni nzima. Ili kutambua upande wa chanya, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye vichwa vya spika kwa sekunde moja: koni ikisukumwa nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.