Nani Anasema, na Anasema kwa Ajili ya Nani: Utangulizi wa Nadharia ya Baada-Ukoloni

Mwaka 1968 wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo chao ifutwe. Hawakuwa na ugomvi na Shakespeare. Walichouliza ni hiki: kwa nini kijana wa Kiafrika aanze kusoma fasihi Uingereza, halafu muda ukibaki ndipo apitishwe kwao? Walitaka Afrika ikae katikati ya mtaala, fasihi simulizi ipewe kiti chake, na fasihi za kwingineko zipangwe kuanzia hapo. Mabishano yalikuwa makali, lakini mtaala ulibadilika.

Nimeanza na waraka huo kwa makusudi. Mwanafunzi anayeingia leo katika uwanja huu hukaribishwa kwa majina ya maprofesa wa New York na Chicago, akadhani nadharia ya baada-ukoloni ni mali iliyoagizwa kutoka nje. Sehemu yake imepikwa hapa.

Nadharia hii inasoma maandishi ikiwa na shaka moja kubwa. Inashuku kwamba ukoloni haukusimama kwa bunduki na kodi peke yake. Ulisimama pia kwa riwaya, ramani, taarifa za wapelelezi na vitabu vya shule, vitu vilivyomweleza mtawaliwa yeye ni nani na kwao ni wapi. Maelezo hayo hayakupanda meli pamoja na gavana siku ya uhuru. Yalibaki madarasani, ofisini, na katika fikra za watu waliokalia viti vya gavana.

Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique, aliliona jambo hilo kwa wagonjwa wake katika hospitali ya Blida, Algeria. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka 1961, mwaka aliofariki, na baadaye kikachapishwa Dar es Salaam kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Humo anawaonya mapema wasomi na matajiri wazalendo watakaorithi nyumba ya mkoloni bila kubadilisha hata fenicha. Edward Said, Mpalestina aliyefundisha New York, alionyesha mwaka 1978 jinsi wasomi wa Ulaya walivyoitunga “Mashariki” yao kwanza, kisha wakaitawala wakiwa na hakika kwamba wanaijua. Chinua Achebe alikuwa amekwisha kumshambulia mwandishi wa riwaya Joseph Conrad katika mhadhara wa mwaka 1975 huko Massachusetts, kwa kuigeuza Afrika nzima kuwa pazia la nyuma ambapo akili ya Mzungu mmoja inaharibikia. Homi Bhabha akaongeza kwamba mtawaliwa anapomwiga mtawala, kuiga kwenyewe kunaweza kumtia mtawala wasiwasi. Wazo hilo nalipenda kuliko sentensi zake.

Gayatri Spivak nitakaa naye kidogo, kwa sababu swali lake la mwaka 1988 linatuhusu sana: je, mnyonge aliye chini kabisa anaweza kusema akasikika, au kila anaposema kuna mwingine anayemsemea?

Mchukue Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Wajerumani waliojiandaa kuja kututawala. Mwaka 1903 msomi wa Kijerumani Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitoka kwenye kalamu ya Mtoro. Mna harusi na maziko, ngoma, unyago, madeni, utumwa. Mhakiki mvivu atasema hiyo ndiyo sauti halisi ya Mswahili. Mvivu mwenzake atasema ni kitabu cha mkoloni, kitupwe. Msomaji aliyefundishwa na Spivak atauliza: maswali yaliyojibiwa humu yaliulizwa na nani? Nani alizipanga sura? Ni wapi mwandishi anatoa maelezo kama mtu anayehojiwa, na ni wapi anasahau kwamba Mjerumani anamsubiri, akaanza kusimulia kwa raha yake? Majibu yamo katika urefu wa aya, katika mambo yanayoelezwa mara mbili, katika yanayorukwa. Na maisha ya Mtoro yanaonyesha kusikika kwake kulifika wapi. Alioa Mjerumani, na alipotaka kurudi naye kwao, serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka pamoja Dar es Salaam. Akafia Berlin mwaka 1927. Aliaminiwa kueleza desturi za watu wake wote, lakini hakuaminiwa kushuka na mkewe bandarini.

Huo ndio usomaji ninaoupenda. Ninaouchoka ni ule wa kuhesabu dhambi: Mzungu ametajwa ukurasa wa tano, mnyapara amempiga mtu ukurasa wa nane, basi kazi ni ya baada-ukoloni, alama zitolewe. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, huumia sana mikononi mwa wasomaji wa namna hiyo. Ni kweli mna Wajerumani, mashamba ya pamba na vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Lakini tazama mahali Kinjeketile anaposhtushwa na ujumbe wa pepo aliyempagaa, Hongo, kwamba Wajerumani wakiondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani wa sultani wa Unguja. Ina maana tumfukuze bwana mmoja ili tumpokee mwingine? Pigo linalomwangusha linatoka ndani ya neno lake mwenyewe, na bunduki ya Mjerumani haihusiki hapo. Mwishoni yumo kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji ya dawa aliyowapa wapiganaji kuwakinga na risasi yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa imani yake katika maji hayo imekwisha kutikisika, kwa kuwa anajua kukiri huko kutatumiwa kuwafundisha wajukuu kwamba kupigana kulikuwa kosa. Mtu anakufa akigombea nani atasimulia vita vile. Sijui mfano bora zaidi wa nadharia nzima.

Pwani yetu inaitia nadharia hii jasho. Vitabu vingi vya nadharia vinadhani kuna mkoloni mmoja na mtawaliwa mmoja. Hapa walipita Wareno, Waomani, Wajerumani na Waingereza, na wenyeji wenyewe walimilikiana. Abdulrazak Gurnah, aliyeifundisha fasihi ya baada-ukoloni Chuo Kikuu cha Kent kabla ya Tuzo ya Nobel ya 2021, analijua hilo. Katika Paradise ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, mtoto Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita ami. Khalil, mwenzake wa dukani, anamkosoa mara kwa mara: yule si ami yako, wewe ni rehani ya deni la baba yako. Wajerumani wanajongea pembeni mwa hadithi, na wanapofika tayari kuna dhuluma ya nyumbani inayowasubiri. Anayetaka kitabu kitakatifu kuhusu Afrika iliyokuwa njema kabla ya Mzungu, hapo hatakipata.

Kasoro ya nadharia hii tuitaje pia. Imeishi sana kwenye Kiingereza na Kifaransa. Karin Barber, aliyeichunguza fasihi ya Kiyoruba kwa miaka mingi, alilalamika mwaka 1995 kwamba inazungumza kana kwamba Mwafrika anayeandika kwa lugha yake amenyamaza. Ana haki. Shaaban Robert aliandika Kusadikika chini ya Waingereza, akaisogeza nchi yake angani na kumpandisha Karama kizimbani kwa kosa la kufundisha sheria. Hakuwa anaijibu London wala kuiandikia. Msomaji wake alikuwa Tanga, Mombasa na Unguja. Ukiisoma kama barua kwa mkoloni pekee, utapoteza nusu ya kitabu, tena ile nusu inayowahusu watawala wetu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usianze na Bhabha. Anza na Kinjeketile, ambayo inamalizika kwa jioni moja. Kisha utafute Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uone vita vilevile vikitazamwa na mtu aliyekuwa karibu navyo zaidi. Andika kwenye karatasi pale simulizi hizo mbili zinapokataa kukubaliana, na pale moja inaponyamaza. Ukifika hapo mfungue Fanon, ikiwezekana kwa Kiswahili. Spivak na Bhabha waje mwisho, wakukute tayari una jambo la kuwauliza.