Uliza Kabla ya Kutia Saini

Si zamani sana sehemu kubwa ya Ndera ilikuwa mashamba ya maharage na migomba. Leo sekta hii ya Wilaya ya Gasabo, mashariki mwa Jiji la Kigali, inajengwa kila upande. Masoro kuna viwanda vya Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, na kwenye vilima vinavyoizunguka viwanja vinagawanywa, vinauzwa na kuuzwa tena. Kwa Wanyarwanda wengi jina la Ndera bado ni jina la hospitali ya magonjwa ya akili iliyopokea wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1972. Kwa anayeishi hapo sasa, Ndera ni mahali pa kununua kiwanja, kutafuta kazi kiwandani, kufunga ndoa ofisini kwa sekta na kulea watoto.

Mambo hayo yote ni mambo ya sheria, hata kama wahusika hawayaoni hivyo mpaka ugomvi utokee. Ndipo maswali yanapomiminika, na mengi yanafanana. Wanasheria wanaoyajibu nao wana masikitiko yanayofanana: swali linafika likiwa limechelewa. Pesa imeshatolewa, karatasi imeshasainiwa, mwenza ameshaondoka na vyombo. Majibu mengi yangekuwa mepesi kama swali lingeulizwa wiki moja kabla.

“Nimenunua kiwanja, muuzaji amekiuza tena. Kiwanja ni cha nani?”

Hili ndilo swali la sehemu yoyote ambako ardhi inapanda bei. Kisa huenda hivi: mnunuzi na muuzaji wanaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili watatu, pesa inahesabiwa, mikono inapeanwa. Mnunuzi anarudi nyumbani akiamini ana kiwanja. Baada ya miezi kadhaa anakuta mtu mwingine anachimba msingi.

Kabla ya kujibu, mwanasheria huuliza jambo moja: ardhi hiyo imeandikwa kwa jina la nani kwenye daftari la serikali? Rwanda ilisajili ardhi ya nchi nzima kuanzia mwaka 2009, kazi iliyogusa vipande zaidi ya milioni 10, na kila kipande kikapewa namba yake ya pekee, inayojulikana kama UPI. Tarakimu zake zinaonyesha mkoa, wilaya, sekta, seli na kipande chenyewe. Makubaliano ya kuuza hukamilishwa mbele ya mthibitishaji wa ardhi, kisha hati ikabadilishwa jina. Tangu mwaka 2023 hati hizo zinatolewa kwa njia ya kielektroniki. Karatasi ya mashahidi inaweza kumsaidia mnunuzi kudai pesa yake, lakini haimfanyi mmiliki machoni pa daftari, na aliyetangulia kuandikishwa ana nguvu kubwa zaidi mahakamani.

Kwa hiyo ushauri ni mfupi. Omba UPI kabla ya kutoa hata faranga moja, kisha uikague kwenye mfumo wa taarifa za ardhi. Angalia jina la mmiliki, na angalia kama ardhi imewekwa rehani benki au imezuiwa kwa sababu ya kesi. Kama muuzaji ana ndoa, mwenza wake anapaswa kuridhia. Mume anayesema “mke wangu hana neno” bila mke huyo kuonekana ni ishara ya hatari. Halafu angalia matumizi yaliyopangwa. Mpango Mkuu wa Jiji la Kigali unaoelekea mwaka 2050 umetenga maeneo ya makazi, ya kilimo na ya misitu. Kiwanja cha bei rahisi sana huenda ni rahisi kwa sababu hakiruhusiwi kujengwa nyumba, na anayejenga bila kibali anaweza kuiona nyumba yake ikibomolewa bila fidia.

“Tumeishi pamoja miaka kumi, hatukwenda ofisini. Nina haki gani?”

Katiba ya Rwanda inatambua ndoa ya mume mmoja na mke mmoja inayofungwa mbele ya serikali. Mahari iliyopokelewa na wazee ina heshima yake, na baraka ya kanisani au msikitini ina uzito kwa waumini, lakini kwa sheria ndoa huanza pale wawili wanapokula kiapo mbele ya afisa wa usajili huku wakiishika bendera ya taifa.

Wanaoishi pamoja bila hatua hiyo ni wengi, na mara nyingi anayeumia wanapoachana ni mwanamke. Hata hivyo hakuachwa mikono mitupu. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia, katika kifungu chake cha 39, ilizungumzia wanaoishi kama mume na mke bila ndoa, na kutaka mali waliyoichuma pamoja igawanywe sawa endapo mmoja anataka kufunga ndoa na mtu mwingine. Mahakama imekuwa ikikitumia kifungu hicho. Ugumu uko kwenye ushahidi: mwanamke lazima aonyeshe kwamba waliishi pamoja na kwamba nyumba au shamba lilipatikana kwa jasho la wote wawili. Risiti za saruji na mabati, ujumbe wa kutumiana pesa kwa simu, maneno ya majirani, vyote vinahesabika. Watoto hawaguswi na ukosefu wa cheti: mtoto aliyetambuliwa na baba ana haki zake, mirathi ikiwamo.

Kwa wanaojiandaa kufunga ndoa, wanasheria hutamani swali moja liulizwe mapema zaidi, nalo ni la mali. Sheria inatoa njia tatu: kuchanganya mali zote, kuchanganya zile zitakazopatikana baada ya ndoa pamoja na zile ambazo wanandoa watazitaja wenyewe, au kila mmoja kubaki na mali zake. Wachumba wengi huchagua mbele ya karani kwa kufuata wenzao. Uchaguzi huo ndio utakaoamua nani atapata nini wakati wa talaka au kifo. Sheria ya watu na familia ya mwaka 2024 imeongeza jambo muhimu: kazi za nyumbani zisizolipwa, zile za kupika, kufua na kulea, zinaweza kupewa thamani na jaji wakati wa kugawa mali.

“Baba ana ardhi, hajanipa fungu langu. Naweza kumshtaki?”

Vijana wengi huuliza hivi wakimaanisha umunani, yaani fungu ambalo kwa desturi mzazi alimpa mtoto anayeanza maisha. Jibu huwavunja moyo. Tangu sheria ya mirathi ya mwaka 2016, kutoa umunani si wajibu unaoweza kudaiwa mahakamani. Mzazi hutoa akitaka na kwa kadiri ya uwezo wake. Ardhi imepungua, familia ni kubwa, na mzazi hawezi kulazimishwa kujivua alichobakiza cha kumlisha.

Kwa mabinti jibu lina sehemu ya pili. Kabla ya sheria ya Novemba 1999, desturi iliacha ardhi kwa wana wa kiume. Tangu hapo watoto wa kike na wa kiume wanarithi sawa. Kaka anayesema “dada ameolewa, aende akale kwa mumewe” hana sheria nyuma yake, hata kama ukoo mzima unamuunga mkono.

“Bosi ameniambia kesho nisirudi”

Masoro na jirani zake zina wafanyakazi wengi wa viwandani, wa ghala na wa ujenzi. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inasema mkataba wa mdomo hauwezi kuvuka siku 90 mfululizo. Baada ya hapo uandikwe. Kipindi cha majaribio nacho kina kikomo. Kwa mkataba usio na muda maalumu, mwajiri anayetaka kuuvunja anapaswa kutoa notisi: siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka mmoja, mwezi mmoja kwa aliyezidi hapo. Mfanyakazi anayeondoka anabanwa na kanuni hiyo hiyo.

Wengi hukimbilia mahakamani, wakati njia inaanzia karibu zaidi. Mgogoro wa mfanyakazi mmoja hupitia kwanza kwa wawakilishi wa wafanyakazi, kisha kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na mahakama hufuata wasipopatana. Mwanasheria humtaka mlalamikaji alete vitu vidogo ambavyo watu huvitupa: kitambulisho cha kazini, ujumbe wa mshahara, picha ya daftari la mahudhurio.

“Nilikopa laki tano, sasa anataka nyumba yangu”

Hapa ndipo machozi hutoka. Mikopo ya mitaani yenye riba kali, inayoitwa Banque Lambert kote nchini, mara nyingi haiandikwi kama mkopo. Mkopeshaji humtaka mkopaji asaini karatasi inayosema ameuza pikipiki au kiwanja chake. “Ukilipa tutaichana,” husema. Siku ya kulipa ikipita, karatasi inageuka kuwa silaha.

Kufanya biashara ya kukopesha kwa riba bila leseni ya Benki Kuu ya Rwanda ni kosa, na aliyenaswa anaweza kupeleka malalamiko kwa wapelelezi. Lakini kuthibitisha kwamba mauzo yaliyoandikwa yalikuwa mkopo ni kazi ngumu. Sheria ya ushahidi ya mwaka 2004 ilitaka makubaliano yasiyo ya kibiashara yanayozidi faranga 50,000 yathibitishwe kwa maandishi, na tangu hapo mawakili hawajachoka kuhimiza maandishi ya ukweli: kama ni mkopo, paandikwe mkopo, kiasi, tarehe ya kulipa, na kila malipo yapitie njia inayoacha alama, kama benki au simu.

“Ndugu yetu amekamatwa, tufanye nini?”

Jambo la kwanza ni kujua yuko kituo gani na anatuhumiwa nini. Kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 2019, mpelelezi wa RIB, idara ya upelelezi ya Rwanda, anaweza kumshikilia mtuhumiwa kwa siku 5 zisizoongezwa. Faili likienda kwa mwendesha mashtaka, naye ana siku 5. Baada ya hapo ni jaji anayeamua kama mtu abaki mahabusu, kwa muda wa siku 30 unaoweza kuongezwa. Katika hatua zote mtuhumiwa ana haki ya wakili na haki ya kuwajulisha watu wake.

Jambo la pili ni kutotoa pesa kwa yeyote anayeahidi “kumtoa”. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2018 inamwadhibu mtoaji na mpokeaji kwa kifungo cha zaidi ya miaka 5 hadi miaka 7. Familia iliyokuwa na mtu mmoja gerezani inaweza kujikuta na wawili.

Kuhusu ugonjwa wa akili, swali ambalo Ndera inalijua kuliko mahali pengine, wanasheria hutenganisha mambo mawili. Aliyetenda kosa akiwa hana akili timamu hawajibiki kijinai, na mahakama huweza kuagiza uchunguzi wa daktari bingwa. Mali yake ni jambo jingine. Ndugu hawawezi kuuza kiwanja cha mgonjwa kwa kuwa wao ndio wanaomtunza. Ni mahakama inayomweka mtu mzima chini ya msimamizi, kwa kutegemea ripoti ya madaktari, na msimamizi huyo hutoa hesabu ya anachokifanya.

Milango iliyo karibu

Wengi wanaogopa wanasheria kwa sababu ya gharama. Lakini mlango wa kwanza hauna malipo. Kamati za Abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa kwa uadilifu wao katika ngazi ya seli na sekta, zilianzishwa mwaka 2004. Sheria ya mwaka 2016 ilizipa wajumbe 7 kila moja, na angalau asilimia 30 yao wawe wanawake. Zinasikiliza migogoro ya mali isiyozidi thamani ya faranga milioni 3, na zinatakiwa kutoa uamuzi ndani ya mwezi mmoja. Asiyeridhika na uamuzi wa seli hukata rufaa kwa Abunzi wa sekta, kisha Mahakama ya Msingi. Kwa bei za viwanja vya Ndera za leo, kesi nyingi za ardhi zimevuka kiwango hicho na huanzia mahakamani, ambako ada ya kufungua kesi katika Mahakama ya Msingi iliwekwa faranga 10,000 mwaka 2018.

Mlango wa pili ni ofisi za msaada wa kisheria za Wizara ya Sheria, zinazojulikana kwa kifupi kama MAJ. Zilianza mwaka 2007 katika wilaya chache na sasa ziko katika wilaya zote 30, Gasabo ikiwamo. Wanasheria wake hutoa ushauri bure na wanaweza kumsimamia mahakamani asiye na uwezo. Mashirika kama Haguruka, lililoanza mwaka 1991 kutetea wanawake na watoto, na Legal Aid Forum, lililoanzishwa mwaka 2006, huongeza nguvu pale ofisi za serikali zinapoelemewa.

Kwa hiyo, msomaji unayekaribia kununua kiwanja, kuoa au kuolewa, kuajiriwa au kukopa, usisubiri ugomvi. Chukua karatasi unayoombwa kusaini, kitambulisho chako na namba ya UPI kama ni ardhi, uende ofisi ya MAJ ya wilaya yako au kwa wakili unayemwamini, na uulize kila unachotaka kujua. Atakayekukatalia siku moja ya kuuliza kabla ya kusaini, usisaini naye.