Mashine iliyongojea amri yetu

Hapa Wagenia, kutega samaki hakufundishwi na kitabu. Kijana anafuata baba yake juu ya miti, anafunga kikapu, anangojea maji. Kama samaki haingii, anafungua na kufunga upya.

Wakubwa waliojifunzia ordinatere za kwanza za nyumbani wanazikumbuka vile vile. Commodore 64, ya mwaka 1982, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Picha moja ya telefone ya leo haingeenea ndani. Ukiiwasha, ilisema iko tayari, halafu inangojea umwandikie amri kwa lugha ya BASIC. Ukikosea, inakuambia; unasahihisha, unaanza tena. Hata Dakar, miaka ile ya 1980, watoto wa shule waliongoza kobe kwenye skrini kwa lugha ya Logo.

Leo telefone iko na nguvu mara nyingi zaidi, na ndani yake muko kobalti na koltani ya inchi yetu. Lakini haitungojei, inatuletea tu video. Na masomo ya programu, hata ya bure, yamo. Basi ndugu wachimbaji, jioni mtoto akiomba telefone, tumuulize kwanza: ni ya kutazama ao ya kujifunza kuiamuru?