Rodi ya Kuchomelea: Soma Namba Kwanza



Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikuwa na mkokoteni wa kuteka maji, uliotengenezwa kwa ekseli ya gari kuukuu. Ekseli ilivunjika, fundi akaichomelea, na kwa macho kazi ilikuwa safi. Siku ya tatu, mkokoteni ukiteremka na mapipa mawili yaliyojaa, ekseli ilikatika pembeni kidogo tu ya pale palipochomelewa. Kijana aliyeongoza ng'ombe aliumia mguu. Wanakikundi walilaumu mashine. Tulipouliza ni rodi gani iliyotumika, tuliambiwa, "Si ile tu ya kawaida."

Sasa, vyuma si kitu kimoja. Chuma laini cha milango na madirisha kina kaboni kidogo, karibu robo ya asilimia au chini yake. Springi ya gari huwa na nusu ya asilimia au zaidi. Ekseli nyingi nazo zina kaboni kuliko chuma cha mlango, na pengine zimechanganywa na kromiamu kidogo ili ziwe na nguvu. Chuma cha namna hii kikipata moto wa kuchomelea halafu kipoe haraka, sehemu iliyo kando ya kiungo hukauka na kuwa kama kioo. Hapo ndipo panapokatika. Ukitaka kukijua, kiguse kwenye jiwe la grinda: chuma laini hutoa cheche ndefu zenye nyota chache, lakini chenye kaboni nyingi hutoa nyota tele zinazopasuka.

Rodi nazo hutofautiana. Ile ya kawaida ni E6013. Tarakimu 60 maana yake ni kwamba chuma chake kikishaganda hustahimili mvuto wa pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Kwa milango, viti na rafu inatosha kabisa. Kwa ekseli au plau, fundi mwenye ujuzi huchukua E7018, yenye nguvu ya pauni 70,000. Lakini msidhani ni hizo 10,000 za ziada tu zinazosaidia. Faida kubwa ya E7018 ni kwamba ganda lake lina unyevu kidogo mno. Maji yaliyo kwenye ganda hugeuka haidrojeni ndani ya moto, nayo huingia katika chuma na kukipasua baadaye, hata siku mbili baada ya fundi kwenda zake.

Kwa hivyo E7018 iliyolala wazi dukani wiki nzima imeshapoteza faida yake. Kuianika juani ni kujidanganya, kwani inahitaji tanuri la digrii 260 na zaidi. Mashine ndogo za stima ya nyumbani nazo hupata taabu kuiwasha, kwa hivyo jaribuni kwanza rodi moja.

Ekseli yenyewe ipashwe moto mpaka digrii 200 hivi kabla ya kuchomelewa, kisha ifukiwe katika majivu makavu ipoe polepole. Hata hivyo, ikiwa mkokoteni unabeba watu, sisi tungenunua ekseli nyingine. Springi msichomelee kabisa.

Vikundi vingine vinatuuliza juu ya mashine za waya. Waya unaotumika sana kwa chuma cha kaboni ni ER70S-6, ule mwekundu kwa kupakwa shaba. Una manganizi na silikoni zinazosaidia hata chuma kikiwa na kutu kidogo. Ila unahitaji mtungi wa gesi, na upepo ukivuma gesi hupeperuka na kiungo hujaa vitundu. Chini ya mwembe haufai.

Mkinunua rodi kwa rejareja, namba huwa imepigwa chapa kwenye rodi yenyewe, karibu na ncha isiyo na ganda. Ikiwa imefutika, mwambieni mwenye duka awaonyeshe pakiti.